Maswali ya Wasomaji: Risasi za .22 na .17, boksi lipi kwa mnyama yupi?

Safari hii barua nyingi zimekuja kuhusu bunduki ndogo, zile za .22 (namba ni upana wa risasi kwa sehemu ya inchi) na ndugu zake, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: nichukue boksi gani? Nimechagua chache. Zingine nimezijibu kwa urefu kwa sababu zinagusa mambo mengi, zingine ni mistari miwili mitatu tu. Majina tumeyaweka kama wenyewe walivyosaini.

SWALI: Fundi shikamoo. Nimepata bunduki ya .22 LR ya bolti (ile ya kufungua na kufunga kwa mkono kila risasi), mpya kabisa, na kibali ninacho, nataka kuwinda sungura na kindi kwa ajili ya nyama. Nimeenda kununua risasi nikakuta maboksi mengi mpaka nikachanganyikiwa, mengine yameandikwa sabsoniki, mengine hai velositi, kuna zenye tundu puani na zisizo na tundu. Muuzaji kaniambia we chukua tu yenye spidi kubwa kuliko zote, inaua vizuri. Ni kweli? – Mgeni wa Bolti

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye spidi ndo wengi wanapotelea, kwa hiyo ngoja tuende polepole.

Risasi za .22 LR (Long Rifle, ile .22 ya kawaida) zimekuwepo tangu 1887 na mpaka leo ndo zinazopigwa kwa wingi kuliko risasi nyingine yoyote duniani. Ukiacha majina ya makampuni, kwenye rafu kuna makundi manne hivi. La kwanza ni sabsoniki, zinazotoka mdomoni mwa mtutu kwa kama mita 320 kwa sekunde, yaani chini ya mwendo wa sauti ambao ni kama mita 340. La pili ni standadi, risasi ya greni 40 (gramu 2.6) inayotoka kwa kama mita 326, kwa hiyo nazo mara nyingi ziko chini kidogo ya sauti. La tatu ni hai velositi, mita 375 hadi 385, na hizi ndo zimejaa kila mahali. La nne ni zile za haraka kupita kiasi, mfano Stinger ya kampuni ya CCI iliyotoka 1977, greni 32 tu lakini inafika kama mita 500 kwa sekunde. Hizo ndo muuzaji anazokusifia.

Sasa angalia hesabu inavyogeuka. Risasi nyepesi inayokimbia sana inapoteza mwendo haraka sana, maana haina uzito wa kuubeba huo mwendo, kwa hiyo ile faida uliyoisoma kwenye boksi ni ya pale mdomoni mwa mtutu, na ikifika mita 80 au 90 imeshapungua vibaya. Halafu, na hili kwangu ndo kubwa zaidi, zile za haraka mara nyingi hazilengi vizuri kama za standadi. Sio sheria, zipo bunduki zinazopenda Stinger, lakini kwa nyingi matundu yanatawanyika. Na ganda la Stinger ni refu kidogo kuliko la kawaida, kwa hiyo bunduki zenye chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) ya kubana, zile za mashindano, watengenezaji wake wengine wanakataza kabisa uipige humo. Soma kitabu cha bunduki yako kabla.

Kwa sungura wa nyama, umbali usiozidi mita 50, mi nakwambia chukua risasi ya greni 36 mpaka 40 yenye tundu puani, iwe sabsoniki au hai velositi, yoyote ambayo BUNDUKI YAKO inaiweka pamoja. Hilo neno la mwisho ndo kazi yenyewe. Kila mtutu una tabia yake, unaweza kuwa na bunduki mbili za kiwanda kimoja, modeli moja, namba zinafuatana, na moja ikaipenda risasi ambayo nyingine inaitupa hovyo. Hamna mtu anayeweza kukwambia kwa barua kwamba yako itapenda ipi, hata mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua boksi moja moja la aina nne au tano, usijaze kabati kwanza. Nenda sehemu salama ya kupigia yenye ukuta wa udongo nyuma, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, karatasi iwe mita 50, siku isiyo na upepo. Ukibadilisha aina ya risasi, piga kama kumi za kwanza bila kuzihesabu, kwa sababu risasi hizi za timbe (ile metali laini na nzito, lead kwa Kiingereza) zimepakwa nta au grisi kwa nje (ukiishika utaisikia inateleza kidoleni) na kila kampuni ina nta yake, mtutu unahitaji kupakwa nta ile mpya ndo utulie. Watu wengi wanakosa hapa, wanapiga tano za kwanza wanaona zimetawanyika wanaitupa risasi nzuri. Baada ya hapo piga tano, kisha tano nyingine kwenye karatasi ya pembeni, kisha tano tena. Usichukue kundi moja zuri ukaliamini, chukua yote matatu. Pima kutoka katikati ya tundu la mbali mpaka katikati ya tundu la mbali upande wa pili.

Ukipata matundu matano ndani ya sentimita 2 mpaka 2.5 kwa mita 50 kila mara, una risasi ya kuwindia, kwa sababu ubongo wa sungura ni kitu kidogo cha upana kama huo, na kichwa ndo mahali pa kumpiga huyu mnyama, anaanguka hapo hapo na nyama yote inabaki safi. Ukipata sentimita 5, basi hiyo risasi sogea nayo mpaka mita 25 au iache. Spidi haiwezi kurekebisha risasi iliyompiga sungura tumboni. Ataingia shimoni na atakufa huko taratibu, na hilo hakuna mwindaji anayelitaka.

Kuhusu tundu puani: risasi yenye tundu inafunguka ikigonga nyama na kutoa nguvu yake yote humo humo, isiyo na tundu inapenya na kutokea upande wa pili ikiwa bado na nguvu. Kwa kindi anayepigwa kichwani isiyo na tundu inatosha na haiharibu kitu. Kwa sungura, hasa kama kuna uwezekano wa kumpiga kifuani, tundu ni bora. Na za sabsoniki zenye tundu zinafunguka vizuri tu kama timbe yake ni laini na imetengenezwa kwa kazi hiyo.

Jambo la mwisho mwanangu: ukishaipata inayopendwa, geuza boksi uangalie namba ya loti (yaani fungu lililotengenezwa pamoja kiwandani) iliyopigwa muhuri kwenye kifuniko, nunua nyingi za loti hiyo hiyo. Loti nyingine ya risasi ile ile inaweza kupiga tofauti kidogo, na ukiibadilisha ziro upya, yaani rekebisha shabaha mpaka risasi igonge pale unapolenga.

SWALI: Fundi, mimi napiga karatasi na kuwinda pia. Nimegundua kitu kinanisumbua akili, siku ya upepo risasi zangu za hai velositi zinasukumwa pembeni kuliko zile za standadi ambazo ni za polepole. Nilidhani ya haraka inapita kabla upepo haujaishika. Nakosea wapi? – Jicho la Darubini

JIBU: Hukosei popote, macho yako yako sawa kabisa, na nimefurahi sana kuona mtu ameligundua mwenyewe.

Upepo hausukumi risasi kulingana na muda inaokaa hewani tu. Unaisukuma kulingana na muda INAOPOTEZA njiani kwa ajili ya ukinzani wa hewa. Risasi ikipita mwendo wa sauti inajenga wimbi la mshindo mbele yake na ukinzani unapanda ghafla, na eneo baya kuliko yote ni lile la karibu na sauti yenyewe, ambamo .22 ya hai velositi inatumia karibu safari yake yote. Inaanza mita 380, inakabwa, inashuka mpaka chini ya 340, na huo mkabo wote upepo unaugeuza kuwa kusogea pembeni. Ile ya standadi imeanza chini ya sauti, hewa haiikabi kiasi hicho, inapoteza kidogo. Kwa upepo wa ubavuni wa kama kilomita 16 kwa saa, kwenye mita 100 hai velositi inasogea takriban sentimita 13 na standadi takriban 10. Ndo maana wapiga shabaha wa .22 kwenye mashindano makubwa wote wanapiga risasi za mwendo wa chini ya sauti, na sio kwamba wanapenda utulivu.

Faida ya hai velositi ni kushuka kidogo. Ukiziro mita 50, kwenye mita 100 risasi za .22 LR zinakuwa zimeshuka kama sentimita 15 mpaka 20 kutegemea umechukua ipi, na ya haraka iko upande wa 15. Lakini kushuka unakujua, umbali ukiujua unahesabu na unainua. Upepo unabadilika kati ya wewe na mnyama, nyasi za karibu yako zinalala kushoto na za kule zimesimama wima, sasa utahesabu nini. Mi ningechagua kushindana na kile ninachoweza kukipima.

SWALI: Habari yako Fundi. Nina shamba na kindi wa ardhini wanafukua mbegu na kula miche, wamekuwa wengi na hawanisubiri nisogee, ni mita 100 na zaidi tu ndo nawapata wametulia. Ruhusa ya kuwapunguza ninayo. Nina .22 LR, naona haifiki. Ninunue ya .22 magnamu au .17? Siwali hao, nataka tu waondoke shambani. – Mama Miche

JIBU: Salama dada, pole na miche. Umeuliza swali zuri kwa sababu umetaja umbali na umetaja kwamba huwali, na hivyo viwili vinatosha kuamua.

.22 LR kwa mnyama mdogo kama huyo mita 100 na zaidi hapana, nimeshasema inavyoshuka na inavyosukumwa. Sasa hizo mbili. .22 WMR, ndo hiyo magnamu, kampuni ya Winchester waliitoa 1959, inatupa greni 40 kwa kama mita 570 kwa sekunde. .17 HMR, ndo hiyo .17 uliyoitaja, kampuni ya Hornady waliitoa 2002, wakachukua ganda hilo hilo la magnamu wakalibana shingo ishike risasi nyembamba ya milimita 4.4 hivi, greni 17, inayotoka kwa kama mita 775. Kwa nguvu mdomoni magnamu inashinda, ina kama juli 430 na .17 ina kama 330, wakati .22 LR ya kawaida ina kama 185. Kwa kulenga na kunyooka .17 inashinda, na haishindi kidogo. Ukiiziro mita 100, kwenye 150 imeshuka kama sentimita 7 tu, na bunduki nyingi za .17 HMR zinaweka risasi pamoja vizuri bila kuhangaika na maboksi kumi.

Kwa kindi wa ardhini, mita 100 mpaka 150, usiowala: .17 HMR, ile ya greni 17 yenye ncha ya plastiki. Ncha ile inasukumwa ndani ikigonga na risasi inapasuka vipande vidogo vidogo, mnyama anakufa papo hapo. Hiyo hiyo ndo sababu nisingemshauri mtu wa nyama aichukue, maana sungura akipigwa nayo mwilini hakuna cha kupeleka jikoni. Tena kuna faida nyingine kwako: kwa sababu inapasuka, ikigonga udongo mara nyingi haidundi ikaenda zake kama inavyofanya .22 LR. Mara nyingi, sio kila mara, kwa hiyo kilima au tuta la udongo nyuma ya mnyama lazima liwepo.

Magnamu ningeichagua kama tatizo lako lingekuwa mnyama mkubwa zaidi kidogo, kicheche au nguchiro au mbweha mdogo wa kuku, karibu karibu, kwa sababu uzito unasaidia kwenye mfupa. Na udhaifu wa .17 ni upepo. Ni nyepesi sana, siku ya upepo mkali ahirisha, kindi watakuwepo kesho.

SWALI: Fundi, je naweza kupiga risasi za .22 LR kwenye bunduki yangu ya .22 magnamu kwa sababu ni nafuu? Zinaingia. – Mbana Matumizi

JIBU: Hapana kaka, tafadhali usifanye hivyo. Kuingia zinaingia lakini zinachezacheza, ganda la magnamu ni nene zaidi na chemba ni pana zaidi, kwa hiyo ganda la LR linapanuka mpaka linapasuka na gesi ya moto inarudi nyuma kuelekea usoni kwako. Na shabaha hupati pia. Kuna bastola za kuzunguka zinazouzwa na silinda mbili, moja ya LR na moja ya magnamu, hizo sawa kwa sababu kila silinda ina chemba yake. Bunduki yako haina.

SWALI: Shikamoo Fundi. Kwenye boksi la risasi za bei ya chini napata mbili tatu ambazo hazilii, nabonyeza inasema tik basi. Rafiki yangu anasema pini imechakaa. Nifanyeje? – Tik

JIBU: Marahaba. Kwanza usalama. Ikisema tik, usifungue bolti. Iache bunduki imeelekea kule kule kwenye udongo, hesabu sekunde 30 taratibu, kwa sababu risasi inaweza kuchelewa kuwaka ikalipuka ukiwa umeshaitoa nje ya chemba. Ndo ufungue. Na ukisikia mlio hafifu tofauti na wa kawaida, simama kabisa, toa kila kitu uangalie kama risasi imekwama ndani ya mtutu, maana ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaharibika na wewe unaweza kuumia.

Sasa sababu. Hizi risasi hazina fataki katikati ya kitako kama za bunduki kubwa. Dawa ya kuwasha inawekwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, halafu ganda linazungushwa kwa kasi ili isambae na kuingia kwenye ule ukingo wa kitako, na pini inagonga ukingo na kuuponda. Kukiwa na sehemu ya ukingo ambayo dawa haikufika na pini ikagonga hapo hapo, tik. Chukua ile iliyogoma uitazame kitako. Kama alama ya pini ni ndefu, imeingia ndani sawasawa, tatizo ni risasi. Kama alama ni mkwaruzo tu haujazama, rafiki yako yuko sahihi au kuna uchafu na mafuta yaliyoganda kwenye njia ya pini, safisha kwanza kabla hujanunua pini mpya. Linganisha pia na ganda la risasi iliyolia, weka vitako viwili pamoja kwenye mwanga utaona tofauti mara moja.

Risasi iliyogoma ikiwa na alama nzuri, unaweza kuigeuza kidogo ili pini igonge upande mwingine ukajaribu tena, mara nyingi inalia. Lakini kwa uwindaji usitumie boksi linalogoma goma, liishie kwenye karatasi. Na usifyatue bunduki ikiwa tupu, kwa .22 nyingi pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu, na hapo ndo matatizo ya tik yanapozaliwa.

SWALI: Nina semi-otomatiki ya .22, ile inayojipakia yenyewe, nikiweka sabsoniki inapiga moja inakwama. Mbovu? – Kwama Kwama

JIBU: Sio mbovu. Semi-otomatiki nyingi zimepimwa spring yake kwa hai velositi, sabsoniki haina msukumo wa kutosha kurudisha bolti nyuma mpaka mwisho. Jaribu hai velositi ya greni 40 kwanza. Kama lazima uwe kimya, bolti ya mkono ndo dawa, haijali mwendo wa risasi hata kidogo. Na usitembee na risasi zimelegea mfukoni, timbe yake iko wazi na ina nta, inaokota mchanga na nyuzi za nguo, zote zinaingia kwenye mtutu na magazini yako. Ziache kwenye kiboksi chake cha plastiki.

SWALI: Fundi, nasikia timbe ya risasi inaua ndege wanaokula mizoga. Mimi huwa naacha matumbo porini. Je niachane na timbe hata kwa .22? Na zile za shaba zinalenga? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Unalosikia ni kweli na nashukuru umeuliza. Risasi laini inapofunguka au kupasuka inaacha vipande vidogo sana, vingine huvioni kwa macho, na tai au kozi akila mzoga ule anavimeza. Asidi ya tumbo lake inaviyeyusha na sumu inaingia kwenye damu. Kondori wa California, ndege ambaye alikaribia kutoweka kabisa, mpaka leo sumu ya timbe ni kati ya vitu vinavyomuua zaidi. Jimbo lile la Marekani lilipiga marufuku timbe kwa uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019, na marufuku inagusa .22 pia. Sehemu nyingine zina sheria zake, kwa hiyo uliza mamlaka ya pale unapowinda kabla hujanunua.

Risasi zisizo na timbe zipo kwa .22 LR, kwa magnamu na kwa .17. Kwa .17 zinafanya kazi vizuri. Kwa .22 LR ni ngumu zaidi, kwa sababu shaba ni nyepesi kuliko timbe, kwa hiyo risasi ya ukubwa ule ule inatoka na greni 21 au zaidi kidogo, inaanza kwa kasi sana na kuishiwa mapema, na mitutu mingine haizipendi. Zingine zinazipenda. Utazijua kwa njia ile ile ya karatasi mita 50 niliyomwambia kijana wa bolti hapo juu, na ukiona zinatawanyika punguza umbali wako mpaka kundi lirudi ndani ya sentimita 2.5, hata kama ni mita 30.

Kama unaendelea na timbe mahali inaporuhusiwa, basi hayo matumbo na mizoga usiviache juu ya ardhi. Chimba shimo la kina cha kutosha mbwa na mbweha wasifukue, ufukie. Kwa nyama ya kula, kata na utupe shimoni eneo lote la kuzunguka jeraha, upana wa kiganja hivi, hasa kama risasi ilikuwa na tundu, na mtoto mdogo au mama mjamzito asipewe ile sehemu kabisa. Sungura aliyepigwa kichwani hapo anakurahisishia, kichwa chote kinaingia shimoni na mwili wote unabaki.